Mati ya haraka kuliko zote si ya hatua nne

Wengi hufundishwa kuwa mati (mfalme kushambuliwa bila njia ya kujiokoa, mchezo ukaisha) ya haraka kabisa kwenye chesi ni ya hatua nne, malkia akisaidiwa na askofu kuvamia f7, mraba ulio kando ya mfalme mweusi. Sivyo. Mweusi anaweza kumaliza kwa hatua yake ya pili (kila namba hufuatwa na hatua ya Mweupe, kisha ya Mweusi; mraba ukitajwa peke yake, ni askari anayeenda hapo): 1. f3 e5 2. g4 malkia h4. Askari wa f ameacha wazi mshazari wa e1 hadi h4, na wa g, ambaye angeziba g3, keshapita.

Mweupe, japo ndiye huanza, anahitaji tatu: 1. e4 f6 2. d4 g5 3. malkia h5. Lakini zote hizo zinataka mpinzani ajimalize mwenyewe.

Ile ya hatua nne ndiyo huwanasa wanaojifunza. Baada ya 1. e4 e5 2. malkia h5, ukiwa Mweusi usikimbilie g6: malkia atakula askari wa e5 kwa shaha (akimtishia mfalme wako), kisha ngome ya h8. Toa farasi c6 kwanza. Askofu akija c4, ndipo g6.