Ndege ndogo ikilala chali, njia ya kutokea huwa imeelekea udongoni

Ndege nyingi ndogo za viti viwili hadi vinne hazina mlango wa mbele. Unakanyaga bawa, unashuka kitini, kisha unajifunika kwa kifuniko kikubwa cha plastiki angavu ambacho marubani hukiita kanopi. Kuna kanopi zinazoteleza juu ya reli kurudi nyuma, kama za Sling 2 ya Afrika Kusini na Grumman AA-5 ya Marekani. Kuna zenye bawaba mbele, zinazoinuka, kama ya Diamond DA40. Van's RV-7, ambayo mtu huiunda mwenyewe kutoka kwenye vipande, inaweza kupewa mtindo wowote kati ya hiyo miwili. Mtu aliyezoea ndege hizi hapendi kurudi kwenye ndege yenye vidirisha, kwa sababu ndani ya kanopi anaona anga yote. Kasoro yake huonekana siku ndege inapopinduka.

Na kupinduka si jambo la nadra katika kutua kwa dharura. Injini inazimika, rubani anachagua shamba, anatua vizuri kabisa, halafu gurudumu la mbele linazama kwenye udongo laini au mtaro. Pua inajikita, mkia unapanda, ndege inalala chali. Kwa kuwa mwendo umeshapungua, waliomo wanaweza kuwa wazima bila hata mchubuko. Lakini kanopi iliyotengenezwa ifunguke kwenda juu sasa imekandamizwa ardhini. Ile ya bawaba haina nafasi ya kuinuka, na ile ya kuteleza inaweza kukwama kwa sababu reli zake zimepinda. Linalotutia hofu zaidi sisi tunaoshughulikia usalama wa ndege hizi ni mafuta. Ndege ya aina hii kwa kawaida ina mabawa chini ya viti na matangi yamo ndani ya mabawa, kwa hiyo ikipinduka petroli inakuwa juu ya vichwa vya watu, na inaweza kuwachuruzikia kupitia vifuniko na matundu ya hewa.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kazi ya kutoka inaanza angani, wakati bado una dakika moja au mbili za kupanga. Funga vali ya mafuta, zima mchanganyiko (mpini wa kukata mafuta yanayoingia injini) na magneto (vifaa vinavyoipa injini cheche), na swichi kuu ya umeme iwe ya mwisho kama bado unahitaji umeme wa flapsi, yaani vibawa vya kupunguzia mwendo wakati wa kutua, au redio. Kisha fikiria komeo la mlango au kanopi. Kwenye Cessna 172, yenye milango ya kawaida, orodha ya kutua bila injini inamwagiza rubani afungue vitasa vya milango kabla ya kugusa ardhi, kwa sababu kishindo kikipinda fremu mlango hautafunguka tena. Kwa kanopi jibu hutofautiana. Ya Grumman inaruhusiwa kufunguliwa kiasi fulani ndege ikiwa angani. Nyingine ikiachiwa hubadilisha mkao wa pua au hupigwa na upepo hadi kung'oka, na hapo unakuwa umejiongezea tatizo la pili ukiwa karibu na ardhi. Kitabu cha ndege unayorusha ndicho chenye kauli ya mwisho, na sehemu hiyo isomwe nyumbani kwa utulivu, kabla ya siku utakayoihitaji.

Sasa tuseme mmepinduka. Jambo la kwanza ambalo mwili unataka kufanya ni kufungua mkanda, na hilo ndilo la kujizuia. Mtu anayening'inia kichwa chini akiachia mkanda huanguka kwa kichwa na uzito wake wote hutua shingoni. Subiri ndege itulie kabisa. Shika kwa mkono mmoja kitu ambacho hakisogei, kwa mfano ukingo wa fremu upande wa kutokea, na usikiachie. Mafunzo ya kutoka ndani ya helikopta iliyozama yamejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo, kwa sababu mtu aliyegeuzwa juu chini hupoteza kabisa hisia ya wapi ni kushoto na wapi ni kulia, na mkono ulioshika fremu ndio unaomrudishia ramani. Tafuta njia kwanza, ifungue au ivunje, vua hedseti ili waya zake zisikunase, kandamiza miguu, egemeza mkono darini, ndipo uachie mkanda.

Wakufunzi wengi wana zoezi rahisi kwa hili: ndege ikiwa imesimama karakana, mwanafunzi anafumba macho na kupapasa komeo, vali ya mafuta na kifyatulio cha mkanda mpaka mkono uende wenyewe. Halina gharama yoyote. Ningependa lifanywe na kila anayeketi kiti cha mbele, abiria pia.

Kama kanopi haisogei, itabidi kuivunja, na hapa lazima ujue imetengenezwa kwa nini. Nyingi ni za akriliki, plastiki ngumu inayopasuka ikipigwa vya kutosha. Chache ni za polikaboneti, ambayo hubonyea na kurudi. Nyundo inaweza kudunda juu yake mpaka mkono uchoke. Muulize fundi. Vile vidude vya springi vinavyouzwa kwa ajili ya kuvunja vioo vya magari havifai hata kidogo, kwani vimebuniwa kwa kioo kilichokazwa kwa joto, ambacho husambaratika chote kikiguswa pahali pamoja. Akriliki haina tabia hiyo. Inataka chuma kizito chenye ncha, kinachopiga sehemu ile ile tena na tena, karibu na fremu, kwa sababu katikati plastiki hunesa na kumeza nguvu ya pigo. Ndege ikiwa chali, sehemu ya kupiga ni ubavuni, pale inapobaki nafasi kati ya kiwiliwili cha ndege na ardhi. Funika macho kabla ya pigo la kwanza, na tandika koti au mto juu ya ukingo kabla ya kupenya, maana vipande vyake hukata vibaya.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Cirrus SR22 ina milango, lakini imewekewa nyundo ndani ya kisanduku cha kuegemezea mkono kati ya viti vya mbele, kwa ajili ya kuvunja madirisha ya akriliki milango ikikwama. Marubani wa Spitfire wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa na mtaimbo mfupi uliofungwa kwenye kijilango cha ubavuni. Angalia ulipowekwa: mkono ulifika bila kufungua mkanda. Zana iliyo nyuma ya kiti au kwenye mizigo, katika ndege iliyopinduka, ni sawa na kutokuwepo. Na ifungwe imara, la sivyo kishindo kitaigeuza kuwa kombora ndani ya chumba.

Kutoka ndege ikiwa bado angani ni elimu nyingine, na walioichunguza kwa undani ni watu wa glaida, yaani ndege zinazoelea bila injini, huko Ulaya, ambao huruka na parachuti mgongoni kwa kuwa glaida nyingi hukusanyika kwenye mkondo mmoja wa hewa ya joto na huweza kugongana. Mpangilio ni kanopi, mkanda, kisha nje. Tatizo lililogundulika ni kwamba kanopi iliyoachiliwa haikuondoka vizuri siku zote. Iliweza kugoma kuinuka au kumpiga rubani kichwani. Wolf Röger wa Aachen, Ujerumani, alibuni ndoano ndogo inayoshikilia ukingo wa nyuma kwa muda mfupi. Hivyo upepo huinua kwanza upande wa mbele, na kanopi nzima huzunguka ikaenda zake juu ya kichwa cha rubani. Kampuni ya DG nayo ilitengeneza NOAH, mfuko wa hewa chini ya makalio unaomwinua rubani hadi usawa wa ukingo, kwa sababu ndege inayozunguka humkandamiza mtu kitini kwa nguvu ambayo mikono yake haiwezi kuishinda.

Abiria anayepanda ndege ya kanopi ana haki ya kuonyeshwa haya. Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, sehemu inayohusu ndege zisizo za biashara, kinamtaka rubani kuhakikisha abiria wanajua mikanda na njia za dharura zilipo na zinavyotumika. Kuonyeshwa kwa kidole hakutoshi. Omba ufungue na kufunga komeo mwenyewe. Kwenye DA40, ulizia pia mlango wa nyuma ulio upande wa kushoto, ambao ni njia ya pili watu wengi huisahau.

Mara nyingi watakaofika kwanza si zimamoto. Ni wakulima, wachungaji au wavuvi, na wanaweza kuokoa maisha. Ndege ya viti viwili ikiwa tupu mara nyingi haizidi kilo 500, kwa hiyo watu kumi wakishika mkia au bawa wanaweza kuinyanyua. Nyanyueni polepole, kingeni kwa magogo au mawe kabla mtu hajaingiza mkono chini, na mtu mmoja azibebe shingo na mabega ya majeruhi wakati mkanda unakatwa. Sigara na moto wowote vikae mbali. Msisimame mbele ya panga la injini hata kama limetulia.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Cirrus na ndege nyingi nyepesi zina parachuti ya ndege nzima inayorushwa kwa roketi, na kama haikutumika roketi hiyo bado iko hai. Tafuteni alama za tahadhari kwenye kiwiliwili, msisimame mbele ya eneo hilo, msikate waya zilizo karibu, na msivute mpini mwekundu ulio darini au kwenye dashibodi. Ikiwa ni ndege ya mafunzo ya kijeshi kama Hawk, ambayo Kenya iliwahi kuinunua, mstari unaopindapinda ndani ya kanopi ni uzi wa baruti wa kuivunjia, na viti vyake hufyatuka. Hapo rudini nyuma, wazuieni watoto, na wapigieni simu polisi au kambi iliyo karibu, mkiwaeleza mnawaona watu wangapi ndani na kama wanajibu wakiitwa.