Taa za breki za gari la zamani: rekebisha umeme kwanza, balbu baadaye

Simama hatua thelathini nyuma ya gari lako la zamani, saa saba mchana, jua likizipiga taa za nyuma uso kwa uso. Mwombe mtu akanyage breki, aachie, akanyage tena, bila kukwambia. Ikiwa unakodoa macho ndipo ujue amekanyaga lini, fikiria dereva anayekufuata barabarani, ambaye hana muda wa kukodoa.

Sisi tunaokagua magari tunakutana na magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 yaliyotunzwa kama mboni ya jicho. Rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, injini haikohoi. Ukizunguka nyuma unakuta taa mbili ndogo, ziko chini karibu na bampa, zimefifia. Zamani hazikuwa na ubaya mkubwa, kwa sababu gari la mbele na la nyuma yalikuwa na taa za aina moja. Leo anayekufuata amezoea taa tatu kali, moja ikiwa juu usawa wa macho yake, na hizo ndizo anazozitafuta.

Kabla hujanunua chochote, elewa kwamba taa ya breki huonekana kwa tofauti. Balbu ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili: ya wati 5 kwa taa ndogo za usiku na ya wati 21 kwa breki. Ule uzi wa breki hutoa mwanga unaozidi wa mwenzake zaidi ya mara kumi, na mruko huo ndio unaomwambia dereva wa nyuma kwamba unasimama. Niliwahi kukagua gari moja ambalo mwenyewe alikuwa ameliwekea balbu za LED za bei rahisi, naye alizifurahia sana kwa jinsi zilivyong'aa. Tukawasha taa ndogo: nyekundu kali. Akakanyaga breki: nyekundu kali ile ile. Ilibidi niiname hadi karibu na taa ndipo nikaona kilichobadilika. Mchana gari lile lilikuwa salama kuliko zamani, lakini usiku lilikuwa halina taa za breki.

Kwa hiyo nashauri tuanze na umeme, maana katika magari mengi ya umri huo mwanga haujapungua kwenye balbu bali umepotelea njiani. Uzi wa balbu ni mwepesi mno wa kuathirika: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Hasara ya volti moja na robo kwenye gari la volti 12 inatosha kukuondolea thuluthi ya taa yako, na gari likaendelea kutembea bila dalili nyingine yoyote.

Mhalifu mkubwa ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Nyumba ya taa imefungwa kwenye bati kwa skrubu, na chini ya skrubu kuna kutu ya miaka hamsini au rangi mpya iliyopigwa bila kufikiria umeme. Chukua mita, weka ncha moja kwenye bati la holda ya balbu na nyingine kwenye hasi ya betri, kisha mtu akanyage breki. Ikisoma karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikisoma nusu volti au zaidi, umempata mwizi. Dalili nyingine huhitaji macho tu: ukikanyaga breki na indiketa ikafifia, au taa isiyohusika ikaanza kuwaka kidogo, umeme unatafuta njia ya panya. Fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, halafu vuta waya mpya wa ethi kutoka kila nyumba ya taa hadi mahali safi kwenye bodi. Magari ya volti 6, kama Volkswagen Beetle nyingi zilizoundwa kabla ya 1967, huumia zaidi, kwa sababu wati zile zile huhitaji mkondo mara mbili.

Upande wa chanya, angalia swichi ya breki. Magari mengi ya zamani yana swichi inayosukumwa na shinikizo la mafuta ya breki, na ikichoka hudai ukanyage kwa nguvu ndipo taa iwake. Wewe umeshaanza kupunguza mwendo, taa bado imelala. Ibadilishe, au fundi akufungie swichi ya kwenye pedali. Relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, nayo husaidia, kwa sababu swichi haibebi tena mkondo wote wa taa.

Ndani ya taa, rifleta, yaani bakuli linaloakisi mwanga wa balbu, iliyokuwa inang'aa kama kioo huwa imegeuka kahawia. Isafishe, ikishindikana, ipake rangi ya fedha inayoakisi. Kioo cha taa cha plastiki kioshe kwa maji ya sabuni, usitumie petroli wala thina, kwani hukipasua nyufa ndogondogo. Pia usiweke balbu ya wati kubwa kuliko iliyokusudiwa: joto lake huyeyusha plastiki na kuchosha nyaya.

Baada ya hayo ndipo LED huwa na faida kamili. Uzi wa balbu huchukua takriban sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili, LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni zaidi ya mita tano ambazo dereva wa nyuma anazipata bure. Lakini chagua LED nyekundu kwa kioo chekundu. LED nyeupe ina wekundu kidogo ndani ya mwanga wake, na kioo huzuia sehemu kubwa ya kilichobaki. Chagua pia ile inayotupa mwanga pembeni, siyo mbele peke yake, ili rifleta ipate kazi. Kama gari lako lina ethi ya chanya, yaani chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kama yalivyokuwa magari mengi ya Uingereza, hakikisha balbu inaikubali. Na pale ambapo breki na indiketa hutumia balbu moja, kama ilivyo kwenye magari mengi ya Marekani, flasha ya zamani, yaani kifaa kinachopepesa indiketa, inayotegemea joto la mkondo haitapepesa sawasawa. Funga flasha ya kielektroniki. Katika baadhi ya nchi balbu ya LED ndani ya holda ya balbu ya uzi hairuhusiwi barabarani, kwa hiyo waulize wakaguzi wa kwenu kwanza.

Nikiambiwa nichague badiliko moja tu, ningechagua taa ya tatu ya juu. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya madogo kuanzia Septemba 1985, na tathmini ya serikali iliyofuata miaka ya 1990 ilionyesha kwamba, hata baada ya madereva kuizoea, ilipunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Taa hiyo haihusiani na taa ndogo, kwa hiyo ikiwaka haina maana nyingine. Unaweza kuibandika ndani ya kioo cha nyuma bila kutoboa bodi, ukaitoa siku ya maonyesho. Waya wake uchukue mara tu baada ya swichi ya breki, kabla haujafika kwenye swichi ya indiketa. Ukiuchukua huko nyuma kwenye gari la balbu ya pamoja, taa itapepesa kila unapokata kona.