Ganda la Korosho na Chombo Kinachorudi Kutoka Angani

Kazi yangu ni kukinga vyuma na joto na chumvi. Juzi kijana mmoja wa chuo aliniuliza kwa nini vyombo vingi vya kupeleka mizigo kituo cha anga za juu huachwa viungue badala ya kutumika tena. Nikampeleka Mikindani, uani kwa shangazi, akichoma korosho.

Wa kwetu mnajua. Korosho ghafi ziko kwenye karai lililotobolewa, maganda yanavuja mafuta, mafuta yanashika moto, moshi mweusi unafukuza hata kuku. Shangazi anageuza kwa kijiti kirefu, anamwaga mchangani, anabangua. Ganda mkaa, kiini cheupe. Joto limeishia kwenye ganda.

Kituo kiko kama kilomita 400 juu na kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa. Anayeshuka lazima aumalize mwendo huo, nao hugeuka joto. Wengi husema ni msuguano. Hapana, sehemu kubwa ni hewa inayobanwa mbele ya chombo. Ndiyo maana tumbo lake ni butu: hewa ya moto hukaa mbali kidogo na ngozi, joto jingi likaondoka nayo. Linalobaki hupambana na ngao. Ya Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX ya Marekani, ni kaboni iliyoshibishwa gundi ya fenoli. Gundi ikiungua, gesi yake huondoka na joto, nyuma linabaki tabaka la mkaa.

Progress, chombo cha mizigo cha Warusi kinachoruka tangu 1978, haina ngao. Hujazwa taka na kuungua juu ya Pasifiki. Siuiti upotevu: ngao ni uzito, na kila kilo yake ni kilo ya chakula iliyobaki chini. Lakini damu ya wanaanga iliyogandishwa, au kifaa kibovu kinachotakiwa kuchunguzwa, huwezi kukichoma.

Sasa chumvi. Dragon hushuka kwa miavuli baharini, na anayeishi Shangani anajua bahari inavyoyafanya mabati. Juni 2017 Dragon iliyoruka 2014 ilipelekwa tena kituoni. Kiwiliwili kilikuwa kilekile, ngao mpya, na vilivyoguswa na maji ya chumvi vikabadilishwa. Kwa hiyo ukiambiwa chombo “kimetumika tena”, uliza kimebadilishwa nini, na kwa siku ngapi.

Dream Chaser, chombo cha kampuni ya Sierra Space ya Marekani, imebuniwa kuikwepa bahari: ina mabawa, itue kwenye lami kama ndege, taratibu, mzigo usisikie hata mara 1.5 ya uzito wake. Vigae vyake vya kukinga joto haviungui, ila kila kimoja kinataka kukaguliwa.

Kijana alibangua korosho yake ya tatu, akakuta kiini cheusi upande mmoja. Akamwonyesha shangazi.

“Hiyo ilikuwa na ufa, mwanangu,” alisema, hata hakugeuka.