Foleni ya mtandao haiondoki kwa kuongeza Mbps

Mkutano wa video ukikwama saa mbili usiku, ushauri ni uleule kuanzia Roysambu hadi Lang'ata, Nairobi: panda kifurushi. Watu wanatoka Mbps 10 kwenda 20, bili inapanda, sauti inaendelea kukatika. Mazungumzo ya video hayamalizi hata Mbps 4. Yanachotaka ni pakiti, vipande vidogo vya data, zifike kwa wakati, na hilo halimo kwenye bei ya kifurushi.

Kuna foleni mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Ya kwanza imo ndani ya modemu yako. Modemu ya kebo haitumi itakavyo: huomba nafasi, CMTS, mtambo wa kampuni unaoziongoza modemu za mtaa, huipa zamu, na pakiti zinazosubiri hukaa kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya kusubiria. Simu ya mtu mmoja nyumbani ikianza kupakia picha za harusi, bafa inajaa. Kilobaiti 256 kwenye upakiaji wa Mbps 2 huchukua sekunde moja nzima kumwagika, na sauti yako imesimama nyuma ya picha hizo. TCP ya kawaida haipunguzi mwendo mpaka pakiti ipotee, kwa hiyo bafa kubwa hujazwa hadi juu. Ni kweli, upakiaji ukipanda subira hupungua. Lakini soma mkataba vizuri: mara nyingi kinachopandishwa sana ni upakuaji.

Pima kwa waya, si kwa Wi-Fi. Piga ping 8.8.8.8 (hupima muda wa pakiti kwenda na kurudi) nyumba ikiwa imetulia, kisha pakia faili kubwa ping ikiendelea. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 400, foleni ni yako. Tafuta ruta inayokubali OpenWrt (programu huria ya ruta), weka SQM, kipanga foleni chake, chagua mbinu iitwayo cake, na uipe asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, si ile iliyo kwenye tangazo. Kwenye kebo, overhedi (ziada inayobebwa na kila pakiti) ni baiti 18. Unatoa kasi kidogo ili foleni ihamie kwenye ruta, inakoweza kupangwa. Modemu za DOCSIS 3.1 (DOCSIS ni kanuni za intaneti ya kebo) zina PIE ndani, mbinu inayoangusha pakiti chache mapema kabla bafa haijafurika.

Foleni ya pili iko kwenye nodi, kituo cha kampuni kinachohudumia mtaa. Chaneli 8 za DOCSIS 3.0, kila moja MHz 8 kwa 256-QAM (namna ya kufungasha data kwenye mawimbi), hubeba takriban Mbps 400, na mtaa mzima unazigawana. Tuseme nyumba 200 zimeuziwa Mbps 20 kila moja: hiyo ni 4,000. Huo si wizi, maana nyumba 50 zikitazama video kwa Mbps 5 zinatumia 250 tu. Zikifika 80, nodi imejaa, na hakuna unachoweza kubonyeza nyumbani. Kampuni igawanye nodi au iongeze chaneli. Faiba nayo hugawanwa: GPON, aina ya faiba ya majumbani, hutoa Gbps 2.488 kwa nyumba 32 au 64. Nafasi ni kubwa zaidi, basi.

Nani apunguziwe nodi ikijaa? Comcast ya Marekani, baada ya kesi ya kubana BitTorrent, programu ya kugawana faili, mwaka 2008, iliacha kuangalia aina ya programu. Hadi mfumo huo ulipozimwa mwaka 2018, mlango wa CMTS ukipita asilimia 70 ya upakiaji au 80 ya upakuaji, aliyetumia zaidi ya asilimia 70 ya kifurushi chake kwa dakika 15 alishushwa kipaumbele. Napenda kwamba mfumo huo haukupekua. Mashaka yangu ni kwamba aliyetuma video ya kazi kwa dakika 20 aliangukia kapu moja na aliyepakua usiku kucha.

Kabla ya kulalamika, kagua splita, kigawanyaji cha waya wa kebo. Tundu lililo wazi bila kizibo cha ohm 75, au kiunganishi cha F kilicholegea, huingiza kelele kwenye upakiaji wa nodi nzima, majirani wakiwemo. Kisha fungua 192.168.100.1, ukurasa wa modemu: nguvu ya kutuma ikizidi dBmV 50 (kipimo cha nguvu ya ishara), piga picha ukurasa huo, ongeza ping ya saa kumi na moja alfajiri na ya saa tatu usiku, umtumie fundi zote tatu.