Manamba ni nini, na kwa nini wengi walitoka Nyanda za Juu Kusini

Manamba ni kibarua aliyeandikishwa kijijini kwao, akasafirishwa kwenda kufanya kazi ya mkataba kwenye shamba kubwa la mbali, hasa shamba la mkonge. Neno lenyewe limetokana na namba. Kambini hakuna aliyehangaika na jina lako. Ulijulikana kwa namba uliyopewa ulipoandikishwa. (Kenya neno hilohilo siku hizi ni mpiga debe wa matatu, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Babu yangu mzaa baba alitoka Njombe akaenda Tanga kuwa manamba. Uzeeni alianza kuchanganya majina yetu wajukuu. Namba yake aliitaja bila kukosea mpaka alipofariki.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, yaani Iringa, Njombe, Mbeya na jirani zake, ni ghala la nchi: mahindi, viazi, maharage, chai, mbao. Mvua ipo, udongo upo. Sasa mtu alitokaje huku kwenye baridi na chakula, akaenda kukata mkonge kwenye joto la Tanga? Watu hujibu haraka kwamba ni umaskini. Lakini umaskini huo una historia, na hatua zake zinafuatika.

Kwanza vita. Wajerumani walipambana na Wahehe tangu mapigano ya Lugalo mwaka 1891 hadi kifo cha mtawala wao, Mkwawa, mwaka 1898. Kisha, wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907, wakachoma maghala na mashamba kusini, kusudi njaa iwamalize waliobaki. Juu ya hayo ikaja kodi: ya nyumba kuanzia mwaka 1898, na baadaye ikaongezwa kodi ya kichwa. Kodi ilitaka fedha taslimu. Mtu mwenye ulezi ghalani na ng'ombe zizini alihesabiwa hana kitu kama hana sarafu.

Na sarafu angeipata wapi? Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ya Tanga ikaelekea Moshi. Nyanda zetu hazikuona reli mpaka TAZARA ilipojengwa, 1970 hadi 1975. Gunia la mahindi la Njombe lingefika sokoni likiwa limeliwa lote na gharama za njia. Kilichoweza kufika sokoni kwa miguu yake ni mtu mwenyewe.

Rungwe mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kule kulikuwa na kahawa milimani na mpunga bondeni Kyela, hivyo wengi walipata kodi kutokana na mazao yao. Walioondoka walikwenda zaidi Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, au kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kilichowatoa watu haikuwa tabia ya kabila fulani, kama wengine wanavyopenda kusema. Palipokuwa na zao la kuuza, mtu alibaki kwake.

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukaletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mashamba yalidai mikono, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyochota watu wengi kutoka Ubena, yaani nchi ya Wabena huko Njombe.

Kazi ilipimwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza ngwe ya siku, unatiwa alama moja. Ukiugua, au ngwe ikikushinda, siku hiyo haimo. Zikijaa 30 ndipo unalipwa, kwa hiyo "mwezi" wa manamba ungeweza kuchukua wiki sita.

Lakini kiini cha dhana hii kimo kwenye hesabu ya ujira. Ujira ulipangwa wa kumtosha mwanamume mmoja: ale, avae, alipe kodi, abaki na cha blanketi. Mke na watoto hawakuhesabiwa, kwa sababu ilichukuliwa kwamba wana shamba nyumbani. Kwa hiyo mkonge ulimgharimu mwenye shamba kidogo kwa sababu mwanamke wa Ubena alikuwa akilima bila ujira, akilea vibarua wa kesho na kumpokea mume aliyerudi amechoka au mgonjwa. Bibi yangu alilima vinyungu, zile bustani za bondeni za kiangazi, akiwa na mtoto mgongoni, na kazi ya kukata miti kufungua shamba la ulezi, iliyokuwa ya wanaume, akaiacha kwa kukosa mtu. Hakuwahi kufika Tanga, wala hakupewa namba, ila sehemu ya ule utajiri wa mkonge aliulipia yeye. Jambo hili silioni likisemwa vya kutosha.

Wengine hawakurudi. Ukipita Korogwe au Muheza leo utakuta familia za Kibena za kizazi cha tatu na cha nne, na ukisalimia "kamwene" huenda ukaitikiwa.

Kodi ya kichwa imekwisha, na hakuna anayemlazimisha mtu kuondoka. Njia lakini ilishazoeleka. Nenda stendi ya Makambako alfajiri, baridi ikiwa bado inauma: utamwona binti amefunga kanga mabegani, begi moja, anasubiri basi la Dar es Salaam. Kuna dalali amempigia simu, kuna nyumba inatafuta mfanyakazi wa ndani, "dada wa Iringa", hata kama yeye ni wa Ludewa. Mshahara aliotajiwa unamtosha yeye peke yake, akiwa analala na kula kwa mwajiri. Ana mtoto wa miaka miwili. Amemwacha kwa bibi yake kijijini, na chakula cha mtoto huyo kitatoka kwenye kinyungu.