Je, wajua kwa nini mkojo wa mwanariadha huwekwa hadi miaka 10?

Baada ya sala ya magharibi, barazani Mkunguni hapa Lamu, ami yangu alibaki na kikombe cha kahawa tungu mkononi bila kukinywa. Redioni walikuwa wametangaza mwanariadha mwingine wa Kenya aliyefungiwa kwa pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu michezoni, wakataja na sampuli iliyohifadhiwa. "Mwanangu," akaniuliza, "mkojo wa mtu huwekwa akiba wa nini?"

Nikamwomba muuza kahawa vikombe viwili vitupu, nikavipanga mbele yake.

Mwanariadha hukojoa huku ofisa wa jinsia yake akimtazama kwa macho mawili, kisha humimina mwenyewe kwenye chupa mbili, A na B. Zikishafungwa hazifunguki tena bila kuvunja kifuniko, na huenda maabara zikiwa na namba tu, bila jina. A hupimwa kwanza. Ikikutwa na dawa, mwenyewe ana haki ya kudai B ifunguliwe yeye au mwakilishi wake akishuhudia. Kwa hiyo kikombe cha pili ni ngao ya anayepimwa, na wengi hawalijui hilo.

Sasa, kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu dawa hutangulia kipimo. Chukua EPO. Ni homoni inayotengenezwa na figo zetu wenyewe. Huuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Hospitalini wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu huchomwa sindano yake. Mkimbiaji mzima akijichoma, pumzi humtosha pale wenzake inapowakatikia, ingawa damu huwa nzito na yaweza kumgandia mishipani. Kipimo cha EPO kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Miaka kadhaa baadaye ikatoka aina mpya, CERA, inayokaa mwilini muda mrefu zaidi.

Beijing 2008, fainali ya mita 1,500: Rashid Ramzi wa Bahrain 3:32.94, Asbel Kiprop wetu 3:33.11. Tofauti ni sekunde 0.17, kope haijagusa kope. Wimbo uliopigwa ukawa wa Bahrain. Mwaka 2009 sampuli za Beijing zikatolewa zikapimwa upya, safari hii kwa kipimo cha CERA, ya Ramzi ikakutwa na CERA, akavuliwa dhahabu, ikawa ya Kiprop. Enzi hizo sheria iliruhusu kurudi nyuma miaka 8. Tangu 2015 ni 10.

"Basi haki ilipatikana," ami akasema.

Nusu, nikamwambia, na nusu hiyo huniuma kila nikiikumbuka. Kijana wa miaka 19 alinyimwa kusimama juu ya jukwaa bendera yake ikipanda. Na Mehdi Baala wa Ufaransa, aliyemaliza wa nne, alitoka uwanjani mikono mitupu, kumbe shaba ilikuwa yake.

Kisha nikamweleza lililobaki, kwa uzito: sampuli ya Kiprop ya Novemba 2017 ilikutwa na EPO. Alikana, lakini akafungiwa miaka 4.

Ami akakiweka kikombe chini. "Yule yule?"

"Yule yule."

Akanyamaza kitambo. "Na dhahabu ya Beijing je?"

Bado ni yake. Matokeo hufutwa kuanzia siku ilipochukuliwa sampuli yenye dawa, na kwa mwaka ule wa 2008 hakuna kosa lililothibitishwa juu yake.