Kampuni "kuvunja GPL" maana yake nini?

Ukisikia mtu wa IT analalamika kwamba kampuni fulani imevunja GPL (leseni moja ya programu, yani masharti ya kuitumia) usidhani kuna mtu kaiba programu kama wale wa kuchoma CD za Windows zamani. Programu yenyewe iko wazi mtandaoni, yeyote anaichukua, anaibadilisha, anaiweka kwenye bidhaa yake na kuiuza hata kwa bei ya juu na hakuna wa kumuuliza. Tatizo linaanza pale anapochukua alafu anaruka sharti lililokuja nayo.

Waingereza hapa wanajichanganya wenyewe maana neno lao ni moja tu, free, sisi tunayo mawili kabisa, bure na huru. Chukua Linux, mfumo unaoendesha mashine na vifaa vingi, sio ya bure kwa maana ya kwamba haina mwenyewe, ina wenyewe maelfu, kila aliyeandika kipande ana hakimiliki ya kipande chake. Ila ni huru, yani wenyewe wamekuruhusu uitumie kwa masharti waliyoandika kwenye leseni. Ukivunja masharti ruhusa inakufa, na ruhusa ikifa basi unauza mali ya watu bila idhini, hilo ndo kosa kisheria.

Sasa leseni haziko sawa. Kuna zile laini, MIT na BSD, hizo unachukua, unafunga kwako, unachodaiwa ni kuacha jina la mwandishi na maneno ya leseni basi. Alafu kuna GPL, aliianzisha Richard Stallman, baba wa harakati za programu huru, mwaka 1989, toleo la 2 likaja 1991 na ndo hilo kerneli (kiini) ya Linux inatumia mpaka leo. Hii inasema ukimpa mtu programu (au kifaa chenye hiyo programu ndani) lazima umpe na kodi yake pamoja na mabadiliko uliyofanya, kwa leseni ileile. Kodi nayoongelea ni ile maandishi anayoandika programa, sio ya TRA.

Nikitaka kumwelewesha mtu wa mtaani huwa natumia upatu. Umeingia kwenye mchezo, zamu yako imefika umepokea hela yote, alafu mwezi unaofuata simu haipatikani. Hakuna anayesema umeiba, ulipewa kwa mikono miwili, ila ulipewa ukijua na wewe utatoa. Mfano una kasoro kidogo kwa sababu kwenye GPL hulazimiki kurudisha kwa kundi lililoandika, anayekudai ni yule aliyenunua kifaa chako. Na kama umeibadilisha Linux ukaitumia ofisini kwako tu bila kumpa mtu nje hudaiwi chochote, wengi hapo wanakosea. Kuna AGPL, ndugu yake GPL, ndo imeziba huo mwanya, ukibadilisha programu ukawaachia watu waitumie kupitia mtandao nao wana haki ya kodi. Truth Social, mtandao wa kijamii wa akina Trump, ilinaswa hapo 2021, iligundulika imejengwa juu ya Mastodon, programu ya kuendesha mtandao wa kijamii, ambayo ni AGPL na kodi haionekani popote, wakapewa siku 30, baada ya muda wakaiweka.

Kesi ambayo mimi naipenda kuliko zote ni ya ruta, ile ya bluu na nyeusi yenye antena mbili, Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002. 2003 Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, wakainunua Linksys kwa dola milioni 500 hivi, na mwezi Juni mwaka huohuo programa mmoja akaandika kwenye orodha ya barua pepe ya watengeneza kerneli kwamba famweya (programu iliyowekwa ndani ya kifaa) ya hii ruta ina Linux ndani na kodi hajaiona popote. Watu wakaanza kuifungua na kuchimba, kelele zikawa kubwa, na ndani ya wiki chache Linksys wakaachia kodi. Kwa Cisco ilikuwa aibu ya kurithi, maana kodi yenyewe ilipita mikono mingi, chipu ya Broadcom, famweya imeandaliwa Taiwan, Linksys wanabandika nembo, alafu Cisco aliyekuja kuinunua kampuni ndo anashikwa shati. Kampuni nyingi zinavunja leseni kwa mtindo huo, sio kila mara ni ujanja, mara nyingi fundi wa tatu kwenye mnyororo alichomeka kitu na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Ila usiwaonee huruma sana maana wote wana wanasheria.

Kilichofuata ndo kitamu. Kodi ilivyotoka watu waliichukua wakaanza kutengeneza famweya zao, 2004 ikazaliwa OpenWrt, na DD-WRT nayo ikakulia kwenye ruta hiyohiyo, ghafla ruta ya nyumbani inafanya mambo ya mashine za bei mbaya. Watu wakawa wanainunua kwa sababu hiyo tu. 2005 Linksys wakabana matumizi, toleo jipya likaja na memori nusu na mfumo mwingine usio Linux, wateja wakanuna, kampuni ikabidi itoe WRT54GL, ile L ni ya Linux, na ikauzwa miaka na miaka. Yani kitu walichofichia watu ndo kikaja kuwauzia mzigo.

Hapo unaelewa kwanini jamii ya hizi programu ikikamata kampuni haiombi hela kwanza, inaomba kodi. Kawaida inaanza kimyakimya. Mtu kanunua kamera au TV, kaingia ndani yake kwa telnet (njia ya kukiamuru kifaa kwa maandishi kutoka kompyuta) akakutana na maneno "BusyBox" na namba ya toleo yamekaa pale juu, au kashusha famweya akaipitisha kwenye programu ya kuchambua mafaili na ndani kukuta kerneli nzima. BusyBox ni kifurushi cha amri ndogondogo za Linux, kipo kwenye vifaa vingi mno na ni GPL. Basi anaandika barua pepe kuomba kodi. Kampuni inajibu kwa kutuma zipu isiyokompaili, yani kodi yake haigeuki kuwa programu inayofanya kazi, nusu ya mafaili hayapo, anaandika tena, inaweza kuchukua mwaka mzima wa kupigana kalenda. Akichoka anapeleka kwa Software Freedom Conservancy au FSF (Free Software Foundation), mashirika yanayotetea programu huru, nao wanaanza barua zao za kistaarabu, na kesi nyingi zinaishia hapohapo bila mtu wa nje kujua.

Zikishindikana ndo mahakama. Ujerumani walitangulia, Harald Welte, mmoja wa watengenezaji wa netfilter (ile sehemu ya Linux inayochuja mtandao), 2004 aliipeleka Sitecom ya Uholanzi mahakama ya Munich na akapata zuio, kampuni haiwezi kusambaza ruta yake mpaka ifuate GPL. Kabla ya hapo kulikuwa na wanaodai leseni hii ni karatasi tu haina meno. Marekani kesi ya kwanza ni ya BusyBox dhidi ya Monsoon Multimedia, Septemba 2007, Oktoba wakapatana. Desemba 2009 zikashtakiwa kampuni 14 kwa mpigo, Best Buy na Samsung wakiwemo. Na Cisco tuliyemwacha kule juu? FSF walimshtaki 2008 kwa bidhaa nyingine za Linksys, baada ya miaka ya barua. 2009 wakamalizana, Cisco wakakubali kuweka mtu maalum wa kusimamia leseni na kuwachangia FSF hela.

Sio wote waliofurahia hizo kesi. Rob Landley, aliyekuwa akiitunza BusyBox na jina lake likawemo kwenye zile za mwanzo, alikuja kujuta hadharani, anasema zile kesi hazijaleta hata mstari mmoja wa maana ndani ya BusyBox, zilichofanya ni kuzikimbiza kampuni. Akaandika mbadala wake, Toybox, kwa leseni laini, na leo Toybox ndo iko ndani ya Android. Hoja yake ina uzito ila mimi inanigomea kidogo, maana lengo halikuwa kuinenepesha BusyBox, lengo ni yule mwenye ruta mkononi. Kibaya zaidi Ujerumani alitokea mtu wa netfilter hiyohiyo akawa anazifuata kampuni mojamoja kwa ajili ya hela, wenzake wakamsimamisha 2016. Mwaka mmoja kabla Conservancy na FSF walikuwa wameandika kanuni zao, kwamba kufuata leseni kwanza, mahakama mwisho, na hela isiwe lengo. GPL toleo la 3 la 2007 tayari lilishalainisha upande huo, aliyekosea mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu aambiwe, haki zake zinarudi.

Kesi ya kuangalia kwa sasa ni ya Vizio, watu wa TV. Conservancy waliifungua California Oktoba 2021, na humo hawajaja kama waandishi wa programu, wamekuja kama wanunuzi wa TV. Wanasema GPL ni mkataba na mkataba huo unamlenga mteja, kwahiyo mteja mwenyewe anaruhusiwa kudai. Vizio wakajaribu kuihamishia mahakama ya shirikisho, jaji akairudisha ya jimbo 2022.

Wewe kwenye TV yako ingia settings, tafuta sehemu ya taarifa za kisheria, shuka taratibu maana ni ndefu kinoma, mara nyingi utakuta GPL na chini yake anwani ya kuombea kodi. Kwa GPL toleo la 2 hiyo ofa inatakiwa iwe hai si chini ya miaka 3, kwa yeyote anayeomba, na wakikuchaji chochote isizidi gharama ya kukutumia.